Besi iliyokimbilia jikoni: uchambuzi wa stereo moja ya Migosi, Kisumu

Stereo hii ni ya mwalimu mstaafu anayeishi Migosi. Ana amplifaya ya wati 40 kila upande, spika mbili za mbao, kila moja ikiwa na wufa (inayotoa sauti za chini) ya inchi 8 na twita (inayotoa sauti za juu), na kinanda cha santuri alichokitunza kwa mkono wake mwenyewe tangu miaka ya 1980. Malalamiko yake yalikuwa haya: tangu spika zirudi kutoka kwa fundi, muziki umekuwa mwepesi. Magitaa yanasikika, waimbaji wanasikika, lakini besi haipo. Alizungusha kitufe cha besi hadi mwisho, ikasaidia kidogo tu, na akiongeza sauti, twita zinaanza kukwaruza. Muuzaji mmoja alimshauri anunue amplifaya yenye wati mara mbili. Jirani akamwambia shida ni waya. Aliponiita, pesa za amplifaya mpya alikuwa ameshazitenga.

Kwanza niseme huyu mzee anasikiliza nini, kwa sababu huwezi kurekebisha stereo bila kujua masikio ya mwenyewe yanatafuta nini. Ana santuri ndogo za benga, zile za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi za miaka ya 1970 zenye nembo ya POK, lebo ya mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo. Benga ni magitaa. Solo linadonoa kwa mapigo yaliyofuata nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane, na chini yake gitaa la besi linatembea bila kupumzika, likijibizana na solo hadi wimbo unapochemka. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutetema mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Unaofuata ni hezi 55. Ukiondoa sehemu hiyo ya chini, solo linabaki likining'inia peke yake. "Wanapiga," Mwalimu aliniambia, "lakini yule wa besi ameshaenda nyumbani."

Fununu ya kwanza ilitoka kwa mkewe, si kwake. Alitusikia tukizungumza, akatokeza mlangoni. "Ati besi hakuna? Mimi huku jikoni ndiyo inanichosha!" Mlango wa jikoni uko kwenye ukuta wa kulia wa sebule. Nikaenda nikasimama hapo, na kweli, besi ilikuwa tele, sufuria juu ya rafu zinatetema. Nikarudi kwenye kochi la Mwalimu, katikati kabisa kati ya spika mbili. Ikapotea.

Hapo shauri la amplifaya lilikuwa limekwisha. Amplifaya ikikosa nguvu, besi hupungua nyumba nzima. Haiwezi kuchagua kumnyima mtu wa kwenye kochi na kumpa mtu wa jikoni. Besi ilikuwa inatoka kwenye spika, ila kuna kitu kilikuwa kinaiua kabla haijafika katikati ya chumba.

Kipimo kilichofuata hakihitaji kifaa chochote, na ningependa kila mwenye stereo akijue. Nilizungusha kitufe cha mizani ili sauti itoke spika ya kushoto peke yake. Besi ikarudi, nene, pale pale kwenye kochi. Nikageuza upande wa kulia peke yake: besi ipo. Nikarudisha mizani katikati ili spika zote mbili zipige pamoja, na besi ikatoweka. Spika mbili zikitoa besi ndogo kuliko moja, jibu ni moja tu: zinapiga kinyume. Koni, yaani ule uso wa wufa unaotetema, ya moja ikisukuma hewa mbele, ya mwenzake inaivuta nyuma, na mtu aliyekaa katikati hupata sifuri, au karibu na sifuri.

Mwalimu alinikatiza kwa haki. "Fundi, hizo waya nimeziangalia mwenyewe. Nyekundu iko kwa nyekundu, nyeusi iko kwa nyeusi, pande zote mbili." Nikaangalia. Alikuwa sawa kabisa, nyuma ya amplifaya na nyuma ya spika. Basi kosa lilikuwa ndani ya sanduku.

Tulizima amplifaya, tukachomoa waya za spika zote mbili, tukavua vitambaa vya mbele ili koni zionekane. Nikachukua betri ya tochi, ile ndogo ya volti 1.5, na vipande viwili vya waya. Chanya ya betri kwenye tundu jekundu la spika, hasi kwenye jeusi, mguso mfupi tu. Spika ya kushoto: tup! koni ikaruka mbele kidogo, ukaiona kwa macho ikitoka. Nikarudia mara kadhaa ili Mwalimu naye aone. Tukahamia ya kulia, waya zile zile, mguso ule ule. Koni ikazama ndani. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaniomba nirudie. Ikazama tena.

Spika nyingi za umri huu zilikuwa na ukingo wa sponji kuzunguka koni, na sponji hiyo huoza. Hata mahali penye hewa kavu hudumu kama miaka 15 hadi 25 hivi. Joto na unyevu huiharibu haraka zaidi, na Kisumu, mita 1,131 juu ya usawa wa bahari lakini ukingoni mwa ziwa, ina vyote viwili. Sponji za Mwalimu zilikuwa zimegeuka vumbi la kahawia, akazipeleka zibandikwe mpya. Na lazima niseme kazi ya kubandika ilikuwa safi: koni imekaa katikati, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, haikwaruzi popote, gundi haijamwagika. Ila wakati wa kurudisha wufa ndani ya sanduku, waya mbili za ya kulia zilibadilishana. Ni rahisi sana kutokea. Wufa nyingi huwa na alama nyekundu upande wa chanya, au kibati kimoja kipana kuliko kingine. Kwenye hizi alama ilikuwa imefutika na vibati vilikuwa sawa. Twita haikuguswa, kwa hiyo ilibaki kwenye mkondo wake sahihi. Ndiyo maana sauti za juu zilikuwa nzuri na hakuna aliyeshuku waya: kosa lilikuwa kwenye besi tu, nalo limefichwa na mbao.

Kuhusu jikoni kuna jambo zaidi. Sebule ile ina upana wa mita 4.2 na urefu wa mita 5.4. Katika joto la Kisumu sauti husafiri kama mita 347 kwa sekunde. Gawanya 347 kwa mara mbili ya upana, unapata hezi 41. Hiyo ndiyo sauti ambayo chumba chenyewe hupenda kuitetemesha kutoka ukuta wa kushoto hadi wa kulia, na kwa bahati mbaya ndiyo sauti ya ule uzi mnene wa gitaa la besi. Mtetemo wa aina hii hujaa kando ya kuta zote mbili na kuwa mtupu katikati. Tena, ukuta mmoja hewa ikiwa inasukumwa, ukuta wa pili inavutwa. Spika mbili zinazopiga sawasawa haziuchochei sana. Spika mbili zinazopiga kinyume zinauchochea kikamilifu, maana zinafanya kile kile ambacho chumba kinataka. Kwa hiyo besi ya Mwalimu haikuwa imepungua tu. Ilikuwa imeondolewa katikati ya chumba na kurundikwa kwenye kuta, na mlango wa jikoni uko ukutani. Mama alikuwa shahidi bora kuliko sisi wote.

Sasa fikiria angenunua ile amplifaya ya wati 80. Kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, kiasi ambacho sikio huona kama nyongeza ndogo. Ili sauti isikike imeongezeka maradufu, unahitaji nguvu mara kumi hivi. Na hiyo nyongeza yote ingekwenda wapi? Jikoni. Ule mkwaruzo wa twita nao ulitokana na kitufe cha besi kilichozungushwa hadi mwisho. Kwenye amplifaya nyingi hapo unaongeza kama desibeli 10, yaani unadai nguvu mara kumi kwenye besi. Amplifaya ya wati 40 hufika ukomo wake upesi, kilele cha wimbi la sauti kinakatwa, na mkato huo huzaa sauti kali za juu zinazokwenda moja kwa moja kwenye twita. Wengi wameunguza twita namna hiyo wakidhani spika ni dhaifu.

Na waya wa jirani? Kutoka amplifaya hadi kila spika ni mita 4, kwenda na kurudi mita 8. Waya wa shaba wa kawaida wa milimita mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani unaouzwa kila duka la vifaa vya umeme, una ukinzani wa ohmu 0.1 tu kwa urefu huo, mbele ya spika ya ohmu 8. Hakuna sikio litakalosikia tofauti. Sikuubadilisha.

Nilifungua sanduku la kulia, nikalehemu waya mahali pake, nikajaribu tena kwa betri. Koni zote mbili zikaruka mbele. Mwalimu akaweka santuri.

Besi ilirudi, tena kwa kishindo, kwa sababu kitufe kilikuwa bado mwisho. Tulikirudisha katikati. Lakini hata baada ya hapo mambo mawili yalijitokeza ambayo besi ilipokuwa haipo hayangeweza kujulikana. La kwanza: akiongeza sauti kidogo, mngurumo ulianza chini ya muziki, ukakua wenyewe, na koni za wufa zikawa zinaenda mbele na nyuma polepole hata pale ambapo hakuna anayepiga chochote. La pili: noti moja ilikuwa inavimba. Besi ikitembea, noti tatu nne zinapita vizuri, halafu moja inavuma na kufunika wenzake.

Mngurumo ulikuwa wa kabati. Spika zilikaa juu ya kabati refu la sebuleni, na kinanda cha santuri kimekaa katikati yao juu ya kabati hilo hilo. Spika hutikisa kabati, kabati hutikisa kinanda, na sindano husoma mtikisiko huo kana kwamba umechongwa kwenye santuri. Amplifaya inaukuza, spika zinautoa, kabati linatikisika zaidi. Ukitaka kuthibitisha, zima mota, weka sindano juu ya santuri iliyosimama, ongeza sauti kiasi, kisha gonga kabati kwa kidole. Sisi tuligonga, na spika zikajibu du! du!

Dawa ni kuvitenganisha. Mwalimu alimwendea fundi wa jua kali wa kuchomelea, akatengenezewa vigoda viwili vya vyuma vya mraba, urefu sentimita 60, na ndani ya miguu tukajaza mchanga mkavu ili chuma kisilie. Chini ya spika tukaweka vipande vya raba. Kwa urefu huo twita zilikaa karibu na usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, jambo ambalo juu ya kabati halikuwezekana. Pale zilikuwa zinapiga juu ya kichwa chake. Kinanda kikabaki kwenye kabati peke yake. Mngurumo ukaisha.

Ile noti inayovimba ilinichukua muda zaidi, na hapa ndipo nyumba nyingi za kwetu zinakwama, kwa sababu makochi huwekwa yakigusa kuta. Chukua urefu wa chumba, mita 5.4. Mtetemo wake wa pili, yaani 347 kugawanywa kwa urefu wenyewe, ni kama hezi 64, na kwenye ukuta wa nyuma, palipo kochi, kila mtetemo wa urefu wa chumba hufikia kilele. Spika zilipokuwa juu ya kabati nazo zilikuwa zimebana ukuta wa mbele, na zikibana ukuta zinauchochea mtetemo huo kwa nguvu zote. Kwa hiyo noti zilizo jirani na hezi 64 zilipata msukumo mara mbili: kwenye kutoka na kwenye kupokelewa.

Tulivuta spika hadi koni ziwe sentimita 60 kutoka ukutani. Kwa hesabu, hiyo peke yake hupunguza mtetemo ule kama desibeli 2. Kuhusu kochi, Mama alisema hapana, na alikuwa na sababu. Kochi refu ni la wageni, vitambaa vyake vimeshonwa kwa vipimo vya pale pale, na sebule si studio. Tulikubaliana kochi libaki. Badala yake Mwalimu ana kiti chake cha mtu mmoja, nacho ndicho tulichokisogeza. Hesabu inasema mahali ambapo mtetemo wa hezi 64 unakuwa mtupu ni robo ya urefu wa chumba, yaani mita 1.35 kutoka ukuta wa nyuma. Sikutaka utupu kamili, ningekuwa nimeondoa uvimbe na kuacha shimo. Nilicheza sauti za hezi 40 hadi 100 kutoka kwenye simu kupitia spika zile, moja baada ya nyingine, Mwalimu akiwa kitini na mimi nikisogeza kiti kidogo kidogo hadi akasema zote zinalingana. Ilikuwa kama mita 1.15. Tulibandika utepe sakafuni kwenye miguu ya kiti, ili kikisogezwa wakati wa kupiga deki kijulikane pa kurudi.

Kwa kazi ya namna hii simu inatosha kutoa sauti, lakini isitumike kama hakimu wa kupima besi. Maikrofoni za simu nyingi hupunguza sauti za chini. Sikio la mwenye nyumba, likipewa sauti moja moja na utulivu, lina uwezo mkubwa kuliko watu wanavyoliamini.

Kilichobaki kilikuwa ukali. Sakafu ni vigae, kuta ni plasta tupu, madirisha mapana yenye pazia jepesi. Ukipiga makofi katikati ya chumba unasikia trrr fupi, sauti ikirukaruka kati ya kuta mbili. Kwenye benga hilo huumiza, maana solo la juu likitembea haraka, kila noti inavaa mabaki ya noti iliyotangulia. Zulia zito kati ya kiti na spika, na mapazia mazito yenye mikunjo mingi, vyote vya mitumba kutoka soko la Kibuye, vilikata sehemu kubwa. Pale ukutani ambapo sauti ya spika hugonga kwanza kabla ya kufika kitini, na unaweza kupapata kwa kumwomba mtu atembeze kioo ukutani hadi uione spika ukiwa umeketi, tulihamishia rafu ya vitabu ya Mwalimu. Vitabu vya urefu tofauti huvunja sauti na kuitawanya vizuri sana. Upande wa pili pazia lilitosha.

Mwanawe mmoja alikuwa amependekeza trei za mayai ukutani. Nilimwomba Mwalimu asihangaike nazo. Trei hupunguza kidogo sauti za juu, lakini kwenye besi hazifanyi lolote. Wimbi la hezi 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8, kubwa kuliko sebule yenyewe. Haliwezi kuzuiwa na karatasi ya sentimita chache. Besi hurekebishwa kwa kusogeza spika na kiti.

Kulikuwa na uvumaji mwembamba wa umeme kila kinanda cha santuri kilipochaguliwa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na uvumaji wa sauti hiyo kwenye kinanda mara nyingi ni waya wa ardhi. Ule waya mwembamba unaotoka pamoja na plagi za sauti ulikuwa umening'inia nyuma ya kabati. Nikaukaza kwenye skrubu yake nyuma ya amplifaya, uvumaji ukazimika.

Nikajaribu tena mlangoni pa jikoni. Besi inasikika, lakini sufuria zimetulia, na Mama anaweza kuzungumza na simu huku muziki unaendelea. Kitini, gitaa la besi sasa lina mahali pake: unalisikia katikati kati ya spika, unaweza kufuata noti baada ya noti, na solo linapoingia kwenye kile kipande cha mwisho wanachokiharakisha, besi inabaki wazi chini yake. Amplifaya ni ile ile ya wati 40, kitufe cha sauti hakifiki nusu.

Pesa za amplifaya nimemwomba azielekeze kwenye sindano. Iliyopo hajui aliibadilisha lini, na sindano nyingi hushauriwa kubadilishwa baada ya saa 500 hadi 1,000 za kucheza. Nilipoiangalia kwa kioo cha kukuza, ncha yake ilionekana imelika upande mmoja. Ncha ya namna hiyo hukwangua kuta za mfereji wa santuri, na santuri iliyokwanguliwa hairudi. Kwenye vichwa vya aina yake (kichwa ni kile kipande cha mwisho wa mkono kinachoshika sindano) unaweza kuchomoa sindano tu, huna haja ya kununua kichwa kizima, muhimu ni kuchukua inayolingana na namba ya kichwa, kisha kurekebisha uzito wa mkono kwa gramu alizotaja mtengenezaji. Asipunguze uzito akidhani analinda santuri, kwa sababu sindano nyepesi kupita kiasi hurukaruka ndani ya mfereji na kuharibu zaidi. Hadi hiyo mpya ifike, tumekubaliana zile za POK zikae kwenye mifuko yake, na apige muziki kutoka kwenye simu.